Makao mawili ya wazee, yote "yamepita ukaguzi". Niangalie nini kabla sijampeleka baba?

Binti wa Pili

Habari za saa hizi wakuu. Naomba msaada wa wenye uzoefu.

Baba ana miaka 81. Alipata kiharusi mwaka juzi, mkono na mguu wa kushoto haumtii. Kula anakula mwenyewe ila maji humpalia. Siku nyingine akili iko safi kabisa na ananikosoa hesabu, siku nyingine ananiita kwa jina la marehemu mama. Nimekaa naye miezi 19. Mwezi uliopita nilimwinua kutoka chooni tukaanguka wote wawili, mimi chini yeye juu, tukalala pale sakafuni kama dakika arobaini hadi mdogo wangu alipofika. Baba mwenyewe ndiye aliyevunja ukimya: "Nitafutieni mahali." Kwa hiyo tafadhali, mjadala wa kumpeleka au kutompeleka tumeshaumaliza nyumbani, na machozi yake yalitosha.

Nimetembelea nyumba mbili. Ya kwanza sakafu inang'aa, maua mapokezini, vyeti ukutani, meneja ana faili nene la taratibu. Ya pili rangi imebanduka koridoni na televisheni inapiga kelele bila mtazamaji, lakini mhudumu alikuwa anamwita kila mzee kwa jina lake, na bibi mmoja alikuwa amekaa naye wakikunja taulo pamoja. Zote mbili zina ripoti ya ukaguzi na zote zimepita. Nimebaki na karatasi mbili zinazosema kitu kimoja kuhusu sehemu zisizofanana hata kidogo.

Nikiuliza "mnafuata viwango?" naambiwa ndiyo. Sasa niulize nini ambacho "ndiyo" haitoshi kuwa jibu?

---

Mjukuu wa Mwalimu

Dada, tumia pua. Ukiingia ukasikia harufu ya mkojo, geuka urudi ulikotoka. Mengine yote ni maneno.

---

Zamu ya Usiku

Ndugu Mjukuu, heshima yako, ila hapo siko pamoja nawe. Saa kumi na mbili asubuhi nyumba yoyote yenye wazee thelathini itanuka mkojo, maana ndipo nepi zinabadilishwa. Mimi inayonitia shaka ni ile inayonukia manukato saa zote. Harufu ya mkojo iliyo palepale, kwenye kiti kilekile, ukienda leo na ukirudi keshokutwa, hiyo sawa, ni kosa.

Dada Binti, pole na hongera kwa miezi 19. Nimefanya kazi hii miaka 14, kati yake 11 ni usiku, katika nyumba tatu tofauti. Nitakwambia jambo ambalo meneja hatakwambia, kwa sababu pengine na yeye halijui: nyumba ya wazee haipimwi mchana. Mchana kuna meneja, mpishi, mfanya usafi, wageni, watu wa mazoezi. Omba kwenda saa tatu usiku, na swali lako la kwanza liwe hili: usiku mpo wangapi macho, kwa wazee wangapi, na wangapi kati yao hawawezi kujigeuza kitandani?

Sababu yake ni hesabu tu. Nyumba yangu ya pili ilikuwa na wazee 38 na sisi wahudumu wawili usiku. Wazee 15 walikuwa wa kugeuzwa, na chati ilidai kila baada ya saa mbili. Kumgeuza mtu mmoja kama inavyotakiwa, yaani kukagua ngozi, kubadilisha nepi, kumlaza kwa mwinamo, kuweka mto, kunahitaji watu wawili na dakika nane ukiwa na haraka. Piga 15 mara 8. Dakika 120. Yaani ukimaliza wa mwisho, wa kwanza amekwisha kufika zamu yake tena. Na hapo hakuna aliyebonyeza kengele, hakuna aliyeanguka, hakuna anayetapika, na wewe mwenyewe hujaenda hata chooni.

Basi tulifanyaje? Tulijaza chati. Saa kumi na moja alfajiri, kalamu moja, saini sita kwa kila mzee, saini 90 kwa mpigo. Saa nne kamili, saa sita kamili, saa nane kamili. Mkaguzi alikuja akaisifu. Siandiki hili kwa kujivunia. Kulikuwa na mzee mmoja, fundi saa zamani, kisigino chake kilianza kama doa dogo nikalisaini mara kadhaa kabla sijaliona.

Kwa hiyo ukionyeshwa chati ya kugeuza (watakuonyesha umbo lake tu, bila majina, na ni haki yao), itazame kwa jicho la mashaka. Chati ya kweli ina sura mbaya. Ina saa nne na dakika kumi, saa sita na dakika thelathini na tano, ina wino wa rangi mbili, ina mahali pameandikwa "amekataa" au "alikuwa amelala vizuri, nikamwacha". Ile yenye saa kamili zote, iogope.

Na hizo saa mbili zenyewe si amri ya mbinguni. Mwenye godoro zuri la kupunguza mgandamizo anaweza kukaa zaidi, mwenye ngozi kama karatasi atahitaji kabla ya hapo. Ukiuliza "baba yangu atageuzwa kila baada ya muda gani?" wakakujibu papo hapo bila kumwona, ujue wamesoma faili.

Vidonda vya kulalia huanzia pale mfupa unapokaribia ngozi: visigino, nyonga, juu kidogo ya mfereji wa makalio. Vitabu vingi husema tafuta wekundu, bonyeza kwa kidole, usipopauka ni hatua ya kwanza. Kwa ngozi yetu nyeusi wekundu huo unaweza usionekane kabisa. Tumia mgongo wa mkono: sehemu hiyo ina joto kuliko jirani yake, au imekuwa ngumu, au inabonyea kama unga uliolowa, au rangi imekoza na mzee anavuta mguu ukigusa. Uliza mhudumu yeyote pale, si muuguzi, "kwenye ngozi nyeusi mnakijuaje kidonda kinachoanza?" Akikujibu kwa mkono wake badala ya mdomo, yaani akakuonyesha anavyopapasa, hapo pana mafunzo.

Mambo mawili ya baba yako hasa. Upande wake wa kushoto haufanyi kazi, kwa hiyo kengele, glasi na miwani viwe kulia. Inaonekana ni jambo la kitoto, lakini vyumba vingi kengele imefungwa ukutani upande mmoja tu na kitanda hakigeuki. Lala kwenye kile kitanda. Usione aibu. Kaa na mkono wa kushoto mgongoni uone kama unaifikia.

La pili ni hayo maji. Mtu anayepaliwa anatakiwa apimwe namna anavyomeza, kisha apewe kinywaji cha uzito unaomfaa. Kuna kipimo cha kimataifa cha ngazi 0 hadi 7, vinywaji viko kati ya 0 na 4, na kuna jaribio rahisi: unajaza bomba la sindano la mililita 10, unaachia kwa sekunde 10, unaangalia kilichobaki. Sitegemei kila mhudumu ajue namba zote. Ninachotegemea ni kwamba yule anayegawa vinywaji jioni ajue, bila kwenda kuuliza, nani asipewe maji matupu. Muulize yeye. Meneja mwache apumzike.

---

Kaka Mkubwa

Somo zuri sana. Naongeza moja tu: sisitiza kitanda chake kiwekwe vizuizi pande zote mbili, na isainiwe. Baba yangu mdogo alianguka usiku kwa kukosa vizuizi.

---

Zamu ya Usiku

Pole kaka, na naelewa unakotoka. Lakini hapana. Kwa mzee ambaye akili inakuja na kuondoka, kizuizi hakimzuii kushuka, kinamfanya apande kwanza. Anaanguka kutoka juu zaidi, na mara nyingi kichwa ndicho kinatangulia. Wengine hunaswa kati ya godoro na vyuma, na watu wamekufa hivyo. Kinachosaidia ni kitanda kinachoshuka hadi karibu na sakafu, godoro jembamba chini kando yake, taa ndogo ya kuelekea chooni, na mtu kumpeleka chooni kabla hajaamua kwenda mwenyewe. Wazee wengi niliowaokota sakafuni walikuwa njiani kwenda kukojoa. Chunguza anguko la baba mdogo lilikuwa saa ngapi, huenda nalo ni hilohilo.

Vizuizi vina watu wake, sisemi vitupwe. Ila mzee mwenyewe aulizwe, na sababu iandikwe.

---

Kaka Mkubwa

Saa tisa usiku. Na ndiyo, alikuwa anaelekea chooni. Sikuwahi kuunganisha.

---

Mtoto wa Mwisho

Mimi nina neno moja la kukuonya, dada: "ametulia".

Mama yangu alikuwa msumbufu, sifichi. Ana ugonjwa wa kusahau, anazurura, anagombana na kioo. Nyumba aliyokuwapo walianza kunipa habari njema: mama ametulia siku hizi. Nilifurahi miezi miwili mizima. Nikienda namkuta kwenye kiti, kidevu kifuani, mate shatini. Nilidhani ni ugonjwa unasonga mbele. Mdogo wangu ambaye ana mdomo kuliko mimi ndiye aliyedai orodha ya dawa, tukakuta ameongezewa dawa za wagonjwa wa akili bila mtu kutuambia. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo kali mwaka 2005 kuhusu dawa hizo kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau: vifo viliongezeka mara 1.6 hadi 1.7 kulinganisha na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Daktari alizipunguza taratibu (msizikate ghafla, jamani). Mama alirudi kugombana na kioo. Sijawahi kufurahia ugomvi hivyo.

Omba orodha ya dawa kila mwezi, ilinganishe na ya mwezi uliopita. Jipya lolote liulizie: nani kaandika, kwa sababu gani, litapitiwa upya lini.

Na uzito. Mzee apimwe kila mwezi. Akipungua asilimia 5 kwa mwezi mmoja au 10 kwa miezi sita, hilo halisubiri. Kama baba ana kilo 60, ina maana kilo tatu tu. Kwa macho huwezi kuziona chini ya blanketi.

---

Mkaguzi Mstaafu

Nimesoma uzi wote kimya kimya, hasa aya ya chati. Bwana Zamu, nilikuwa mmoja wa waliozisifu chati kama hizo. Tuliache hapo.

Binti, ripoti yako usiisome kwa alama ya mwisho. Angalia tarehe, maana meneja akibadilika ripoti ya miaka miwili nyuma ni ya nyumba nyingine. Kisha chukua ripoti mbili za nyuma zaidi, kama zipo, utafute kosa linalojirudia. Makosa hayaninyimi usingizi, kila nyumba inayo. Kosa lilelile mara tatu ndilo linaloniambia hakuna anayesikia.

Nchi zenyewe zimehangaika na jambo hili. Uingereza wakaguzi wanauliza mambo matano: je, ni salama, inaleta matokeo, ina utu, inaitikia mahitaji ya mtu, inaongozwa vizuri. Australia, baada ya tume yao ya kuchunguza huduma za wazee iliyomaliza kazi mwaka 2021, waliona maneno hayatoshi wakaweka dakika: tangu Oktoba 2024 kila mkazi kwa wastani apate dakika 215 za huduma kwa siku, 44 kati yake kutoka kwa muuguzi aliyesajiliwa. Napenda dakika. Muulize meneja swali hilo kwa dakika uone anavyohema.

Lakini nilichokujia ni moto, hakuna aliyeugusa. Alfajiri ya Januari 31, 2004, nyumba ya wazee ya Rosepark huko Uskoti iliungua. Moto ulianzia kwenye kabati la umeme. Walikufa wazee 14. Milango ya vyumba vingi ilikuwa wazi na moshi ukatembea nao, na kikosi cha zimamoto kilichelewa kuitwa kwa sababu wahudumu walianza kwanza kutafuta moto uko wapi. Usiku tena, mnaona.

Kwa hiyo unapopita koridoni tazama chini. Ukiona kabari ya mbao, kiti, au ndoo inayoshikilia mlango wa moto (ule wa kuzuia moto na moshi visisambae) usijifunge, umeona utamaduni mzima wa nyumba hiyo. Najua wazee hupenda mlango wazi, wanaogopa kufungiwa. Kuna sumaku za kushikilia mlango ambazo huachia kengele ya moto ikilia. Uliza pia zoezi la mwisho la kujiokoa lilifanyika saa ngapi na kwa watu wangapi. Zoezi la saa tano asubuhi, wafanyakazi 12 kazini, linapendeza kwenye picha.

Maji ya moto pia. Tangi linatakiwa liwe na nyuzi 60 hivi ili vijidudu vya mabomba visizaliane, lakini nyuzi hizo humwunguza mtu kwa sekunde chache. Bafuni yasizidi 44. Baba yako upande wa kushoto huenda hasikii joto vizuri. Mhudumu apime kwa kipimajoto kila anapomwogesha, na iandikwe.

---

Binti wa Pili

Wakuu, nimerudi. Nimekwenda kote kuwili, saa tatu usiku.

Nyumba ya maua: mlinzi alinizuia, akapiga simu, nikasubiri dakika 25. Niliyempata ni muuguzi mmoja na wahudumu wawili kwa wazee 44. Hakujua wangapi ni wa kugeuzwa, akaniambia mengi yako kwenye kompyuta na kompyuta anayo meneja. Nikamwuliza habari ya ngozi nyeusi akanielekeza kwenye bango. Kusema kweli sikumchukia. Alikuwa na macho ya mtu aliyekwisha choka kabla ya zamu kuanza. Nililala kwenye kitanda cha mfano: kengele kushoto.

Nyumba ya rangi iliyobanduka: watatu kwa wazee 26, tisa wa kugeuzwa, alinijibu bila kutazama popote. Chati mbaya kama ulivyosema, kaka Zamu! Kulikuwa na nafasi tupu kabisa ya saa nane ya usiku uliopita. Nikauliza. Akasema, "Tulikuwa watatu chooni na mzee aliyeanguka, hatukugeuza, ndiyo maana hatukuandika." Na nilipouliza habari ya ngozi alinishika mkono akanipapasa kisigino changu mwenyewe kupitia soksi.

Ila mkaguzi, kabari ipo. Mlango wa jikoni, kipande cha mbao kimechakaa kabisa, maana yake kiko pale miaka. Na mgawa vinywaji alijua watu watatu wasiopewa maji matupu lakini uzito wa vinywaji vyao aliukadiria kwa macho.

Asubuhi yake nilimwandikia meneja mambo matatu: kabari, bomba la sindano la kupimia, kengele iwe kulia. La pili na la tatu amekubali siku ileile. La kabari alisema atanunua sumaku, "bajeti ikiruhusu". Nimemwambia baba haingii kabla ya mlango huo kujifunga. Amekasirika kidogo. Nimemwacha akasirike.

---

Mkaguzi Mstaafu

Vizuri. Usimkubalie kwa picha ya simu. Nenda ukausukume kwa mkono.

---

Binti wa Pili

Wiki tatu baadaye. Sumaku imewekwa, nimeusukuma mlango mwenyewe, unajifunga.

Baba alilala pale usiku wa kwanza jana kwa majaribio. Leo nimemkuta ameketi dirishani, kauli yake ya kwanza: "Nimewapima." Kumbe saa nane usiku alibonyeza kengele kwa makusudi, saa yake ya mkononi mkono wa kulia, akahesabu. Dakika sita. Mhudumu alipoingia akamwambia hana shida, alitaka kujua tu. Yule dada alicheka, akamgeuza, akaondoka.

---

Zamu ya Usiku

Dakika sita saa nane usiku kwa watu watatu, siwezi kuwalaumu. Mwambie mzee asirudie kila siku, watamzoea.

Visigino?

---

Binti wa Pili

Nimevipapasa vyote viwili. Baridi, laini. Amenipiga kofi la mkono akaniuliza kama nimekuwa fundi viatu.